Ukurasa wetu wa mashairi umefungwa: je, tuhamie Mastodon?

Mwalimu mstaafu wa Tanga ameniandikia. Yeye na wenzake saba wameendesha ukurasa wa mashairi ya kimapokeo kwenye mtandao mmoja mkubwa kwa miaka tisa, na ulikuwa umefikisha wafuasi 14,000. Mwezi uliopita waliamka wakakuta umefungwa. Ujumbe ulisema wamekiuka viwango vya jamii, haukutaja shairi wala kosa. Wamekata rufaa mara tatu, na kila mara jibu limerudi lile lile ndani ya dakika tano. Mjukuu wake amewashauri wahamie Mastodon, mtandao mwingine wa kijamii, kwa kuwa “huko hakuna wa kukufungia”. Mwalimu anauliza: ni kweli? Ni bure? Na washairi wenzake, wengi wao wazee wasiotumia kitu kingine zaidi ya WhatsApp, wataiweza?

Shikamoo Mwalimu.

Pole kwa msiba huu. Nauita msiba kwa sababu kilichopotea si wafuasi 14,000. Umetaja kwa kupitia tu kwamba mtu akiweka shairi jioni, kufikia asubuhi alikuwa ameshajibiwa kwa vina vile vile na watu watatu au wanne, mmoja yuko Pemba, mwingine Mombasa, mwingine Muscat. Mashairi yenu wenyewe mtayakuta kwenye madaftari na kwenye simu. Yale majibu je? Hakuna aliyeyaandika daftarini, kwa kuwa yalizaliwa pale pale chini ya shairi, yakakaa pale. Mlikuwa wapangaji, na mwenye nyumba amebadilisha kufuli vyombo vikiwa ndani.

Rufaa inayojibiwa kwa dakika tano haijasomwa na mtu. Mitandao mikubwa huchuja machapisho kwa mashine, na mashine hizo zinakijua Kiingereza kuliko zinavyokijua Kiswahili, sembuse Kiswahili cha mafumbo. Mshairi akisema jogoo kachinjwa, nyoka kapondwa kichwa, jahazi limezama na watu wake, msomaji wa Tanga anajua anasimuliwa habari ya ndoa au ya uongozi. Mashine inaona damu na maiti. Nasema haya kwa sababu umeandika kwamba mzee mmoja katika kikundi anajilaumu kwa shairi lake la mwisho. Tafadhali mwambie aache kujilaumu.

Sasa swali lenyewe. Mjukuu wako amesema nusu ya kweli, na nusu aliyoiacha ndiyo itakayoamua kama baada ya miaka tisa mingine mtakuwa na mashairi au mtakuwa mnaniandikia tena.

Mastodon si mtandao mmoja wenye ofisi moja. Ni programu aliyoitoa Eugen Rochko, kijana wa Ujerumani, mwaka 2016. Ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuuchukua msimbo wake, kuusoma, kuubadilisha na kuuweka kwenye seva yake mwenyewe, yaani kompyuta inayowahudumia wengine mtandaoni. Maelfu wamefanya hivyo. Tume ya Ulaya ina seva yake, serikali ya Ujerumani ina yake, na wapo watu wa kawaida wanaoendesha seva ya marafiki thelathini. Aliyejiandikisha kwenye seva moja anamfuata, anamsoma na kumjibu aliye kwenye seva nyingine bila kujisajili mara ya pili. Wewe kitu cha namna hii unakijua siku nyingi, ni barua pepe. Anwani yako iko kwa kampuni moja, ya mjukuu wako iko chuoni kwake, na hakuna aliyewahi kukwambia hawezi kukuandikia kwa kuwa hamko kampuni moja. Hata anwani ya Mastodon huandikwa hivyo hivyo, jina lako kisha jina la seva.

Kinachoziunganisha seva hizo ni itifaki, yaani makubaliano ya namna kompyuta zitakavyozungumza, iitwayo ActivityPub. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, liliiidhinisha Januari 2018. Fikra yenyewe ni ya kabla ya hapo. Evan Prodromou, mmoja wa walioiandika, alikuwa ameshafungua mtandao wa aina hii, Identi.ca, tangu 2008. Na kwa kuwa itifaki haina mwenyewe, Mastodon si pekee inayoizungumza. Iko Pixelfed kwa picha, PeerTube kwa video, kazi ya chama cha Kifaransa kiitwacho Framasoft, Lemmy kwa mijadala, na WriteFreely kwa maandishi marefu. Hiyo ya mwisho nitairudia, maana naiona ndiyo yenu. Mkusanyiko wote huu huitwa Fediverse.

Je, hakuna wa kukufungia? Yupo. Kila seva ina msimamizi, na msimamizi anaweza kuifuta akaunti yako leo usiku. Anaweza pia kusoma ujumbe wako wa faragha, kwa sababu ujumbe wa Mastodon haufungwi kwa usimbaji fiche, ile kufuli ya kumzuia hata mwenye seva asiusome. Mambo ya siri ya kikundi yapelekeni Signal, programu ya ujumbe yenye kufuli hiyo. Tofauti ni upeo wa nguvu zake. Ukifukuzwa kwenye seva moja, zipo nyingine maelfu, na wale wanaokusoma hawalazimiki kuhama nawe ili waendelee kukusoma. Seva nayo huweza kutengwa na wenzake. Mwaka 2019 mtandao wa Marekani uitwao Gab, maskani ya watu wa siasa kali za mrengo wa kulia, ulihamia kwenye msimbo wa Mastodon. Leseni inaruhusu wote, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuwakataza. Wasimamizi wa seva nyingi walikata mawasiliano nao, kila mmoja kwa uamuzi wake. Mimi naipenda hali hiyo: hakuna mkubwa mmoja aliyefunga mdomo wa mtu, na hakuna jirani aliyelazimishwa kusikiliza matusi.

Kwa hiyo kazi ni kuchagua seva, na hapa watu hukosea kwa haraka. Seva zinazoorodheshwa kwenye joinmastodon.org zimekubali masharti manne: kuwadhibiti kwa dhati wabaguzi na wachochezi, kuweka nakala ya akiba kila siku, kuwa na mtu zaidi ya mmoja mwenye uwezo wa kuingia dharura ikitokea, na kutoa notisi ya miezi mitatu kabla ya kufunga. Miezi mitatu, Mwalimu. Ninyi mlilala na ukurasa mkaamka hamna.

Hilo la notisi nalisema kwa kuwa limenikuta. Seva yangu ya kwanza iliendeshwa na mtu mmoja, akachoka, akatangaza mapema kwamba anafunga. Nikabonyeza mahali pa kuhama, na baada ya siku mbili karibu wafuasi wangu wote walikuwa upande wa pili bila wao kufanya lolote. Machapisho hayakuja. Programu inahamisha wafuasi, haihamishi maandishi. Nilikuwa nimepakua faili la kumbukumbu, kwa hiyo maneno yangu ninayo hadi leo, lakini kila kiungo ambacho watu walikuwa wamekihifadhi kilikufa siku seva ilipozimwa. Mjukuu wako hakuwaambia hili. Ndiyo sababu sitawashauri muweke hazina ya mashairi ndani ya Mastodon ya mtu mwingine, hata akiwa mwema kiasi gani.

Kuna jambo jingine linalopuuzwa, nalo ni jina lenyewe la seva. Februari 2024 seva moja ya Mastodon ilipoteza anwani yake kwa sababu jina lake liliishia na .af, na .af ni ya Afghanistan. Mamlaka za huko zililisimamisha, basi. Mashine ilikuwa nzima, watu walikuwepo, ila anwani haikuelekeza popote. Ukichagua seva, tazama na mkia wa jina lake.

Serikali nazo zina mkono wake. Uganda ilizuia Facebook Januari 2021, Tanzania ikazuia X (zamani Twitter) Mei 2025, na Septemba mwaka huo huo JamiiForums, baraza kubwa la Waswahili tulilojijengea wenyewe, ilisimamishiwa leseni kwa siku 90. Mlango ukiwa mmoja, kufuli moja linatosha. Fediverse ina milango maelfu. Seva yako ikizuiwa, wanaokufuata kutoka seva nyingine bado wanazo nakala za ulichokwisha kuchapisha, kwa sababu kila seva hujihifadhia nakala ya kile watu wake wanachokifuata. Lakini intaneti ikizimwa nchi nzima, kama ilivyokuwa Tanzania wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025, hakuna itifaki ya kumsaidia mtu. Na ikiwa siku moja mtaamua kuendesha seva ya kupokea maandishi ya wengine, someni kwanza Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 pamoja na marekebisho yake, kisha mkawaulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ana kwa ana. Kwa mashairi sioni sababu ya kuogopa, ila kuuliza mapema ni nafuu kuliko kuitwa baadaye.

Pengine utaambiwa kuhusu mitandao miwili mingine, Bluesky na Threads. Bluesky ilianza kama mradi ndani ya Twitter mwaka 2019, ikajitenga, ikafungua milango kwa wote Februari 2024. Imeundwa ili mtu aweze kuondoka na jina lake, wafuasi wake na hata machapisho yake, na kwa hilo la machapisho inaishinda Mastodon. Hata hivyo karibu kila mtu aliye huko anakaa kwenye mashine za kampuni ile ile moja, kwa hiyo uhuru upo kwenye michoro zaidi kuliko kwenye maisha. Threads ni ya Meta, kampuni yenye Facebook na WhatsApp. Tangu 2023 imekuwa ikijiunganisha na Fediverse kidogo kidogo, na nawasihi mtahadhari. Google Talk, huduma ya zamani ya Google ya kuandikiana ujumbe, nayo ilizungumza itifaki ya wazi, XMPP, na watu wa seva ndogo waliwasiliana na watu wa Google bila shida. Mwaka 2013 Google ikaleta Hangouts, ikaanza kuipa mgongo itifaki ile, na wale wa seva ndogo wakabaki wanapiga hodi kwenye nyumba isiyoitika. Mgeni mkubwa anaweza kuja kwa miguu yake na kuondoka na wenyeji.

Bei. Kujiandikisha kwenye seva ya mtu ni bure kwako, lakini si bure kwake. Wengi wanaendesha kwa michango, na nikijua natumia seva ya mtu huwa namchangia. Kukodi seva ndogo mwenyewe ni kati ya dola 5 na 10 kwa mwezi. Mastodon ni nzito kwa kikundi cha watu wanane, kwa kuwa inahifadhi picha za kila mtu mnayemfuata na diski hujaa haraka. Ipo programu nyepesi, GoToSocial, inayofanya kazi ile ile kwenye mashine dhaifu. Video za kughani zitawashinda gharama mkianza kuzihifadhi wenyewe, na PeerTube haiondoi gharama ya kuhifadhi. Anzeni na sauti tu, faili dogo ambalo hata mwenye bando la shilingi 500 analisikiliza.

Na bando ndilo suala ambalo wataalamu wa Ulaya hawalioni kabisa. Kampuni za simu kwetu huuza vifurushi vya mitandao ya kijamii vinavyofungua majukwaa machache makubwa tu. Mwaka 2014 Facebook ilikuja Tanzania na huduma ya bure kupitia Tigo, na mwaka huo huo Kenya kupitia Airtel, na kwa watu wengi intaneti ikawa ndiyo hiyo. Mwenye kifurushi cha WhatsApp hafungui Mastodon kwa kifurushi hicho, anahitaji bando la kawaida. Hao wazee wenu hawaikwepi teknolojia, wanahesabu senti zao, na wana haki.

Kwa hiyo msiwahamishe. Wabaki WhatsApp, na kundi la WhatsApp liwe ukumbi wa kughania na kujibizana. Kinachohitaji kuhama ni kumbukumbu, na kumbukumbu inahitaji watu wawili tu wenye subira.

Fanyeni hivi. Kwanza nunueni jina la tovuti, lenu wenyewe, linaloishia .or.tz au jingine mtakalokubaliana. Lisajiliwe kwa jina la kikundi, si la mjukuu. Vijana huoa, huhama, hubadilisha namba, na nimeona vikundi vitatu vikipoteza jina kwa sababu tu aliyelisajili hapatikani na ada ya mwaka haikulipwa. Jina likiwa lenu, siku kampuni iliyowakodisha seva ikiwasumbua mnachukua mafaili, mnakwenda kwingine, na msomaji anaandika anwani ile ile asijue kama mlihama.

Chini ya jina hilo wekeni WriteFreely. Ni ukurasa mweupe wenye maandishi, hauna matangazo, hauna hesabu ya waliopenda, na unafunguka upesi hata kwenye simu ya zamani. Kiungo chake mtu anakituma WhatsApp, mwenzake anakibonyeza na kusoma bila kujisajili popote, mradi ana bando la kawaida. Kwa mashairi una faida moja kubwa. Chapisho la Mastodon kwa kawaida lina nafasi ya herufi 500. Nimehesabu: ubeti wa tarbia, wa mishororo minne yenye mizani kumi na sita kila mmoja, unakula herufi 160 hivi pamoja na nafasi na koma, kwa hiyo beti mbili zinakaa vizuri na ya tatu kwa kubana. Utenzi hauingii kabisa, na kuukatakata ni kuudhulumu. WriteFreely haina kikomo cha namna hiyo. Na kwa kuwa inazungumza ActivityPub, mtu wa Mastodon aliye Toronto au Muscat anaweza kuufuata ukurasa wenu, kila shairi jipya likamfikia kwake.

Upungufu wake ni mkubwa na lazima muujue: haina mahali pa kujibu. Malumbano, ambayo ndiyo roho ya kikundi chenu, hayatatokea pale yenyewe. Ndiyo maana nimesema watu wawili wenye subira. Kila Ijumaa, au siku mtakayopanga, mmoja aingie kwenye kundi la WhatsApp, achukue shairi la wiki na majibu yake, aombe ruhusa ya kila aliyejibu, ayaweke yote pamoja kwenye ukurasa mmoja kwa mpangilio yalivyotokea, na jina la kila mshairi chini ya beti zake. Ruhusa ni lazima. Shairi ni mali ya aliyelitunga, na wapo watakaopenda lisomwe kundini tu. Akaunti moja ya Mastodon ya kikundi inatosha kwa kuwasalimu walio mbali na kudokeza beti mbili za shairi jipya. Msitegemee umati huko. Seva kubwa nyingi ziko Ulaya, Marekani na Japani, na Waswahili bado ni wachache, mtajikuta mnajuana kwa majina.

Najua kazi hii ya kunakili kwa mkono inaonekana ya kizamani. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923 na likachapisha mashairi ya wasomaji kutoka kila kona ya Tanganyika, watu wakajibizana humo kwa miaka. Malumbano yale bado yanasomeka leo, kwa sababu nakala zilisambaa, nyingine maktaba, nyingine kwenye masanduku ya watu. Hakuna ofisi moja ambayo kwa kufunga mlango wake ingeweza kuyafuta. Seva zinazohifadhiana nakala zinafanya lile lile, na kikundi cha watu wanane chenye nakala kwenye tovuti, kwenye kadi ya kumbukumbu ya mwenyekiti na kwenye kijitabu kilichopigwa chapa kila mwaka kinafanya lile lile kwa gharama ndogo zaidi.

Wala msidhani mambo haya huria ni ya wageni. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walijichorea ramani ya mtaa wao ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa doa tupu. Tangu 2015 wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam, katika mradi wa Ramani Huria, wamechora mifereji na vichochoro vya kata zinazofurika maji, wakaviweka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, ambako kila mtu anaweza kuvichukua. Ushahidi, programu huria ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani, inayotumika nchi nyingi, ilizaliwa Kenya mapema 2008 katika siku mbaya za vurugu za baada ya uchaguzi. Watu wetu wamekuwa wakijenga vitu vya wazi kila walipokuwa na sababu ya kweli, na ninyi sababu mnayo.

Kuhusu ukurasa uliofungwa, endeleeni na rufaa, lakini wakati huo huo jaribuni njia tatu. Jaribuni kupakua data ya akaunti. Majukwaa mengine huacha mlango huo wazi kwa muda hata baada ya kufunga ukurasa, kisha huufunga, kwa hiyo fanyeni leo. Wekeni anwani ya ukurasa wenu kwenye web.archive.org, ghala la nakala za kurasa za mtandaoni, muone kama ipo nakala ya siku za nyuma. Na tumeni ujumbe kwa wote mnaowajua waliokuwa wakijibu, yule wa Pemba, wa Mombasa, wa Muscat, muwaombe watafute kwenye simu zao picha za skrini na beti walizoziandika kwanza pembeni kabla ya kuzibandika. Washairi wengi hufanya hivyo. Mtapata zaidi ya mnavyotarajia, na zitakuja zimevurugika, bila tarehe, nusu nusu. Wewe ulifundisha miaka mingi, kupanga insha za watoto arobaini si kitu kigeni kwako.

Jina la tovuti mkishakubaliana, niandikie kabla hamjalipa. Nitalitazama kwanza pamoja na mjukuu, na siku ya kuweka WriteFreely tutakaa naye kwenye simu mpaka shairi la kwanza lionekane. Ningeomba liwe la huyo mzee anayejilaumu.